Wapishi wa Chini ya Asmini

Bi Tahiya wa Bububu alikuwa na mafagio matatu. Moja la ndani, moja la uwani, na moja la asmini. Lile la asmini lilikuwa la chelewa nzuri, njiti za makuti alizozichagua mwenyewe. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kulishika. Kheir, mumewe, aliwahi kulitumia kuondolea utando wa buibui darini. Mpaka leo anaambiwa.

Kila alfajiri, akishasali, Bi Tahiya alitoka uwani kufagia. Alianza mlangoni, akaenda njia ya chooni, akamalizia chini ya asmini. Hapo ndipo alipoonesha ufundi wake. Jani likianguka, yeye huyo. Udongo ulibaki mtupu na mgumu, unateleza kama sakafu. Majani aliyakusanya pembeni, akayatia moto. Majirani walisema kwamba kwa Bi Tahiya hata kuku hupiga hodi. Naye alipenda sana kusikia hivyo.

Asmini yake haikuwa pambo tu. Ilikuwa ndiyo kazi yake. Penye harusi, watu walimjia yeye. Alichuma tumba alasiri, kabla hazijafunguka. Alizitunga makoja ya kuvaa kichwani. Nyingine alizifunga pamoja na mrehani, zikawa vikuba, yale mafungu madogo ya maua ambayo wanawake huyabana kifuani ili wanukie. Bibi harusi wengi wa Bububu walitoka kwao wakinukia asmini ya Bi Tahiya.

Mwaka huu harusi ilikuwa ya kwake. Nassra, mwanawe wa pekee, aliposwa na Haitham, kijana wa Malindi, Mji Mkongwe. Ndoa ilipangwa iwe mwezi wa Shaaban, kabla ya Ramadhani. Bi Tahiya akatangaza mbele ya wanawake wote wa mtaa.

"Mwanangu hatovaa asmini ya kununua. Nimewapamba watoto wa wenzangu miaka yote. Wangu ntampamba kwa mti wangu mwenyewe."

Basi ni kama mti ulimsikia ukaamua kumuaibisha. Majani yalianza kugeuka manjano. Tumba zilitoka chache, nazo zikaanguka kabla ya kuchumwa. Bi Tahiya alizidisha maji. Maji yalipita juu ya udongo, yakaenda zake mpaka mlangoni. Kisha akaona chungu, wale wadudu wadogo weusi, wanapanda na kushuka kwenye shina.

"Nyinyi ndio mnaonimalizia mti wangu!" aliwaambia.

Alikwenda dukani, akanunua dawa ya unga. Aliinyunyiza shinani mpaka udongo ukawa mweupe. Chungu wakafa wote. Lakini asmini haikupata nafuu. Ilizidi kunyong'onyea.

Ikabaki sababu moja tu aliyoijua. Akawasha ubani, akauzunguka mti na chetezo, mara hii upande huu, mara upande ule.

"Hodi, wifi!" ilisema sauti mlangoni. "Nani anaolewa, Nassra au mti?"

Alikuwa Wanu, dada yake Kheir, ambaye nyumba yake iko jirani. Wanu anafanya kazi ya kuongoza wageni katika msitu wa Jozani. Wageni huja kutazama kima punju. Yeye huwaonesha kima, kisha huwainamisha chini kuwaonesha wadudu. Bi Tahiya husema kwamba wifi yake anawapenda wadudu kuliko watu.

"Karibu, wala usinicheke," alisema Bi Tahiya. "Mti wangu umepigwa jicho. Watu wana husuda, wifi. Wameona mwanangu anaolewa mjini."

Wanu alichuchumaa. Alijaribu kuutia kidole udongo, kidole kikagoma kuingia. Akachukua kijiti, akakwangua.

"Wifi, humu hamna mtu."

"Mtu gani tena?"

"Sioni hata chungu mmoja."

"Alhamdulillahi! Basi dawa imefanya kazi."

"Imefanya kazi mno. Ndiyo balaa lenyewe." Wanu alisimama. "Kwanza ntakuonesha kitu. Njoo."

Walizunguka ukuta wa nyuma. Upande wa pili kuna kiwanja cha Mzee Silima, ambaye siku hizi anaishi mjini, Ng'ambo. Hakuna anayekifagia. Majani ya mfenesi yamelala humo tabaka juu ya tabaka, na gogo la mnazi linaoza pembeni. Na hapo kando ya ukuta palikuwa na kichaka cha asmini, kijani kibichi, kimejaa maua meupe mpaka chini.

Bi Tahiya alishika kiuno.

"Hii asmini ya nani?"

"Yako. Mwaka jana ulipopunguza matawi uliyatupa huku. Moja limeshika."

"Nani anaitia maji?"

"Hakuna."

"Nani anaifagilia?"

"Hakuna, wifi. Na ndo maana unaiona hivyo."

Bi Tahiya aliumia. Mti alioulea kama mtoto unakufa, na tawi alilolitupa jaani linamtolea maua. Kwa kweli alitaka kukasirika, ila hakujua amkasirikie nani.

"Nitafutie kitambaa cheupe," alisema Wanu. "Kikubwa."

"Baba Nassra!" aliita Bi Tahiya.

"Naam!" Kheir aliitika kutoka ndani.

"Iko wapi ile kanzu yako ya zamani?"

"Mie sina kanzu ya zamani. Hiyo unayoiita ya zamani ndo yangu ya Ijumaa!"

Baada ya majadiliano, ilipatikana kanzu iliyoungua kwa pasi. Kheir alitoka nayo mwenyewe, ili ahakikishe kwamba haichukuliwi nyingine. Nassra naye alitoka kuangalia. Wanu aliitandaza kanzu uwani. Upande mmoja aliweka udongo wa chini ya asmini inayofagiliwa, akichagua pale ambapo unga wa dawa haukufika. Upande wa pili aliweka udongo wa kule nyuma, pamoja na majani yake.

"Haya, tazameni."

Upande wa kwanza hakukuwa na kitu. Palikuwa na udongo tu, na chungu mmoja mfu. Upande wa pili kanzu ilianza kutembea.

"Mama yangu!" Nassra alirukia nyuma ya baba yake. Baba yake naye alikuwa anatafuta nyuma ya nani ajifiche.

Wanu alicheka. "Hawaumi hawa. Sogea, bibi harusi. Huyu mweupe mnamjua?"

"Mchwa," alisema Kheir. "Huyo alinilia fremu ya mlango."

"Kweli. Mchwa wengine wana tabia hiyo. Lakini wengi wao wanakula majani makavu na miti iliyokwishakufa. Wanachimba, wanapandisha udongo wa chini juu. Huyu mweusi anayekimbia ni dundu. Ni mwindaji huyu. Anakula viwavi na mayai yao. Na tazameni hapa, karibu kabisa. Mnaviona vidudu vyeupe, vidogo kuliko chembe ya sukari?"

Nassra alisahau woga, akainama. Alikigusa kimoja kwa ncha ya kidole. Kikaruka.

"Kimepotea!"

"Ndo mchezo wake. Hao wanakula ukungu na majani yaliyolainika. Katika kiganja kimoja cha udongo mzuri wanaweza kuwa wengi mno. Na huyu aliyejikunja ni buu, mtoto wa dundu."

"Na huyu mwenye miguu mingi?" aliuliza Kheir.

"Jongoo. Yeye si mdudu hasa, maana mdudu ana miguu sita. Wala nyungunyungu si mdudu, hana mguu hata mmoja. Lakini wote ni majirani na wanafanya kazi pamoja."

"Kazi gani?" aliuliza Bi Tahiya. Sauti yake ilikuwa bado na hasira kidogo.

Wanu alimtazama wifi yake, akaacha utani.

"Wewe ukipewa unga mkavu, utautia mdomoni?"

"Aa, mpaka nipike."

"Basi na mti hauwezi kula jani kavu. Lazima lipikwe. Mchwa na jongoo wanalikata. Wale wadogo wanalisagasaga. Vijidudu visivyoonekana kwa macho vinamalizia. Jani likishaoza vizuri, linakuwa chakula cha mizizi. Wadudu hawa ndo wapishi wa asmini yako. Na wewe, wifi, kila alfajiri unachukua unga wote jikoni, unautia moto. Halafu ukaja ukawaua na wapishi. Sasa mti ule nini?"

Bi Tahiya alitazama majivu ya majani pale pembeni.

"Na maji?" Bi Tahiya aliuliza taratibu. "Mbona nnatia maji kila siku?"

Wanu alichota maji kwa kata. Alimwaga chini ya asmini ya uwani. Yakakimbilia mlangoni, kama kawaida yake. Akachota tena, wakaenda nyuma ya ukuta, akamwaga kule. Udongo uliyanywa yote palepale.

"Chungu na mchwa wanachimba njia nyembamba chini," alisema. "Maji yanapita humo, na hewa inapita humo. Wachimbaji wakiondoka, udongo unafunga. Wako wengine pia. Kuna nyuki wadogo wanaotaga mayai ndani ya udongo, kisha wanakwenda kwenye maua ya matango na maboga. Ukimwaga dawa, hao nao wanakwenda."

"Kwa hiyo hakuna jicho," alisema Bi Tahiya.

"Jicho lenyewe ni hilo fagio."

Bi Tahiya aliketi kwenye kizingiti. Macho yalimjaa machozi.

"Mimi mwenyewe nimeuua mti wa mwanangu?"

"Haujafa, wifi. Una njaa tu. Na mvua za vuli zinakuja. Tuulishe."

Walianza siku hiyohiyo. Kwanza dawa. Wanu alifunga mdomo na pua kwa kitambaa, akavaa glavu. Alikwangua udongo wote wenye unga mweupe, akautia kwenye mfuko wa plastiki.

"Usiutupe mtaroni, wala usiuchome," alisema. "Ntamuuliza bwana shamba wapi pa kuupeleka. Na wifi, maua haya yanawekwa wapi?"

"Kichwani. Kifuani. Na kwenye kitanda cha bibi harusi."

"Basi fikiri mwenyewe."

Bi Tahiya alifikiri. Alikuwa akiogopa chungu kwenye koja, na hakuiogopa sumu kwenye mto wa mwanawe.

"Na hao chungu wakirudi juu ya maua je?" aliuliza. "Mteja mmoja alimkuta chungu kwenye koja, akanisema mtaa mzima."

"Ukishachuma, tandaza tumba kwenye sinia, kivulini. Litikise kidogo, subiri. Watashuka wenyewe. Na ukiona chungu wamejaa kwenye machipukizi, tazama chini ya majani. Huenda kuna vidukari wanaonyonya maji ya mti, na chungu wanafuata utamu wao. Hao waoshe kwa maji ya sabuni kidogo. Huna haja ya sumu."

Kheir aliulegeza udongo kwa uma wa shamba, polepole, asikate mizizi. Nassra alileta samadi kuukuu ya ng'ombe. Wanu na Bi Tahiya walihamisha vikapu vya udongo wa nyuma ya ukuta, pamoja na wakaazi wake. Juu walitandaza majani makavu, unene wa kiganja kilicholala ubavu.

"Yasiguse shina," alisema Wanu, "shina lisije likaoza. Wala usiyasogeze kwenye ukuta wa nyumba."

"Mchwa watanilia mlango tena," alisema Kheir haraka.

"Ndivyo. Mlangoni na njiani wifi afagie mpaka achoke. Hapa chini ya mti aache."

Walipokuwa wanageuza gogo la mnazi, likatoka buu nene, jeupe, limejikunja. Bi Tahiya alilichukua kwa mikono miwili kama anabeba yai.

"Karibu, mpishi," alisema. "Nikuweke wapi?"

"Aa, huyo mpe kuku!" Wanu alicheka mpaka akakaa chini. "Huyo ni mtoto wa chonga, dundu wa minazi. Sasa hivi hana ubaya, anakula gogo bovu. Lakini akikua anapanda mnazi, anatoboa kilele. Si kila mdudu ni rafiki, wifi. Ila adui ni wachache, na dawa ile haichagui."

Kuku akapata chakula chake. Kheir alisema kwamba huyo ndiye pekee aliyefaidika siku ile, maana yeye kanzu yake imekwisha.

Kazi ngumu ilikuja baadaye. Kazi hiyo ilikuwa ya kutofagia. Kila alfajiri mkono ulimwasha Bi Tahiya. Alifagia mlangoni, akafagia njia, akafika kwenye asmini, akasimama. Majirani walianza kuuliza.

"Bi Tahiya, unaumwa?" aliuliza Bi Faiza, akichungulia juu ya ukuta. "Nnaona majani yamelala."

"Mzima, alhamdulillahi. Yameachwa yalale."

Bi Faiza alitikisa kichwa. Alikwenda nyumbani, na bila shaka habari ile hakukaa nayo peke yake.

Mvua za vuli zilinyesha. Maji hayakukimbilia tena mlangoni. Lakini maua bado. Bi Tahiya alitazama matawi kila siku, na kila siku alimuuliza Wanu, na Wanu alimwambia asubiri. Moyo wake ulikuwa na hofu. Kile kichaka cha nyuma ya ukuta kilikuwa kidogo, hakitoshi kupambia harusi, naye alijiona siku yenyewe anakwenda sokoni Darajani kununua asmini ya mtu.

Ndipo habari ikafika. Bi Muzdalifa, mama yake Haitham, anakuja Bububu kuwasalimu wakwe zake.

Usiku ule Bi Tahiya hakulala vizuri. Bi Muzdalifa ni mwanamke wa mjini. Nyumba yake ina sakafu ya marumaru. Atasema nini akiona mama wa bibi harusi anakaa na majani makavu uwani? Atasema mwanawe anaoa kwa watu wachafu. Alfajiri Bi Tahiya alichukua lile fagio lake la chelewa, akainama chini ya asmini, akavuta majani mara moja.

Chini yake udongo ulikuwa mweusi na laini. Dundu mweusi alikuwa anaburuta kiwavi anayemshinda ukubwa. Alisimama kwa mshangao, kisha akaendelea kuburuta. Na juu yake, kwenye tawi lililokuwa kavu, Bi Tahiya aliona machipukizi mapya, na ndani ya machipukizi, tumba.

Aliliweka fagio chini. Akayarudisha majani kwa mikono, mpaka yote yakafunika.

Bi Muzdalifa alifika na baibui lake jeusi na bangili zake za dhahabu. Nassra alimwamkia, "Shikamoo, Bi Muzdalifa," naye akaitika, "Marahaba, mwanangu." Alikaribishwa uwani, kwenye mkeka. Alinywa kahawa, akasifu kaimati. Kisha macho yake yakatembea.

"Kiwanja kisafi, mashaallah," alisema. "Lakini chini ya asmini, mwenzangu, umepasahau?"

Kheir alikohoa. Nassra alitazama chini. Bi Tahiya alihisi uso unamuungua, lakini sauti yake ilitoka nzima.

"Sikupasahau. Nimepaacha kusudi. Kuna watu wanafanya kazi humo."

"Watu?"

"Njoo uwaone, Bi Muzdalifa."

Bi Tahiya alimueleza yote, yaani jani na wapishi wake, maji yaliyokimbia, na dawa aliyoimwaga. Hakuficha kosa lake hata kidogo. Bi Muzdalifa alivuta mkono wa baibui, akatia kidole chenye hina ndani ya udongo. Kikaingia chote. Dundu mdogo akampanda kidoleni.

"Uwiii!" Alipiga ukelele uliosikika mpaka barabarani. Kisha akamtazama yule dundu, akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Kumbe! Mie nna asmini kwenye makopo, juu ya roshani. Kila mwaka inanifia. Kila siku nnaokota majani yake, nnafuta na udongo wake kwa kitambaa!"

"Kwa kitambaa?" aliuliza Bi Tahiya.

"Kwa kitambaa, mwenzangu!"

Wakwe wawili walishikana mabega kwa kicheko. Bi Muzdalifa alirudi Malindi na mkoba wake wa ngozi mkononi, na mkono wa pili mfuko wa majani makavu na udongo. Dereva wa teksi aliuliza ni nini. Aliambiwa ni wapishi, akawasha gari.

Shaaban ikaingia. Asmini ya Bi Tahiya ilitoa maua kwa namna ambayo Bububu haijapata kuiona kwenye mti ule. Siku ya harusi, alasiri, wanawake walijaa uwani kuchuma. Bi Faiza alikuwa wa mbele, na tayari ameshaomba mfuko wa majani. Tumba zilijaa masinia. Ziliwekwa kivulini, zikatikiswa, chungu wakashuka wakaenda zao. Mkono wa Bi Tahiya ulitunga bila kupumzika. Alitunga koja refu, akatunga vikuba vya mashangazi na vya mama wa bwana harusi.

Mpambaji aliyeletwa kutoka mjini alilipokea koja, akalinusa, akafumba macho.

"Lo! Asmini ya wapi hii? Nambieni mmeinunua kwa nani, na mie nkanunue."

Bi Tahiya alifungua mdomo ajibu. Akatanguliwa. Nassra, hina mpaka viwikoni, aligeuza kichwa kumtazama mama yake.

"Haikununuliwa," alisema. "Mama ameilea."

Bi Tahiya akalia mbele ya watu wote, kwa furaha, wala hakujifuta. Wanu alimshika mkono, naye akilia. Magharibi ilipokaribia, tumba zilianza kufunguka moja moja kwenye nywele za Nassra, na nyumba nzima ikanukia.